Nguo Mbichi za Filimbi

Asubuhi ile niliingia nyumbani kwa Filimbi nikiwa nimebeba nguo zake arobaini na tatu, zote zimepigwa pasi, zote zimenyooka kama karatasi mpya, na zote mbichi.

Nilijua ni mbichi. Nisikufiche wewe unayesoma. Mimi ni mpiga pasi mwaka wa kumi na tisa huu, mkono wangu unaujua ubichi wa nguo kama mama anavyoijua homa ya mwanawe. Lakini kuna jambo ambalo watu wasio wa kazi hii hawalijui. Nguo ikitoka kwenye pasi ina moto, na moto hudanganya mkono. Ukiishika unasema, naam, imekauka. Ngoja ipoe sasa. Maji yote yaliyojificha kwenye kola, kwenye mishono ya mabega, kwenye kiuno cha suruali, yanatoka kukusalimia. Na ukiikunja ikiwa bado na moto, ukaitia kwenye nailoni, ukaifungia sandukuni siku mbili za garimoshi, siku utakayofungua hutakuta nguo. Utakuta madoa meusi kama mavi ya nzi, na uvundo wa kumhamisha paka.

Ndicho nilichokitaka. Nilitaka Filimbi afungue masanduku yake kule ziwani, mbele ya wenyeji wake, halafu anuke.

Kalenda ilisema ni kiangazi. Lakini kalenda hupigwa chapa na wakubwa, na mvua haijawahi kusoma. Ilikuwa siku ya tisa inanyesha bila hata kupumzika kuvuta pumzi, mitaro imefurika, watu wanatembea wameshika viatu mkononi. Filimbi hakujali. Likizo yake ilikuwa imeshaandikwa, mkewe na watoto walikwisha kutangulia juma zima, tikiti za saa tano zimo mfukoni. Mvua ikitaka, yeye atalikuta jua huko huko.

Huyu Filimbi ni msimamizi wa dobi tunakofulia shuka za hoteli na za hospitali. Tulimpa jina hilo kwa sababu ya filimbi anayoivaa shingoni. Chai ikifika nusu kikombe, prii! Ukienda haja, kabla hujafunga vifungo, prii! Nasikia hata mama yake mzazi kuna siku alijisahau akamwita hivyo.

Jana yake alinijia pale kwenye meza yangu ya pasi. "Pasi," akaniambia, maana mimi nami jina langu pale ni hilo, "kesho uje nyumbani unipakie." Hakusema tafadhali. Yeye anajua hakuna mtu anayekunja kama mimi. Koti nitaligeuza nje ndani, bega liingie ndani ya bega, nitie karatasi laini kifuani, na litafika safari ya siku mbili kana kwamba limesafiri limesimama.

"Masanduku mangapi, bosi?"

"Matatu. Mawili yangu na mama, la tatu la mdogo wangu. Huyo mpakie vizuri zaidi. Kuna mtu anakwenda kumwona."

Hapo ndipo pasi iliponiunguza kidole na wala sikusikia.

Maana mdogo wake huyo ndiye Sindano, na Sindano ndiye mwanamke ninayempenda. Elewa basi nilichoagizwa. Niliagizwa nimkunjie nguo mwanamke wangu, zisipate hata mkunjo mmoja, ili akapendeze mbele ya mwanamume mwingine.

*

Kwa Filimbi dari halivuji. Hilo nililiona kwanza. Nilipelekwa chumba cha nyuma chenye kitanda kikubwa, na juu ya kitanda masanduku matatu yamepanua midomo. Nikaanza. Vizito chini upande wa magurudumu, mikanda nikaizungusha pembeni, soksi ndani ya viatu. Mashati nikayashusha moja juu ya jingine, yana moto bado, nimekuja nayo nimeyafunika blanketi yasipoe njiani. Kila nikishusha moja, moyo wangu ulikuwa unasema, la kwanza hilo. La pili hilo.

"Hodi," nikasikia, na mtu ameshaingia.

"Hodi ya nini na ni kwenu?"

"Leo mwenye chumba ni mwenye kupakia."

Akasimama mlangoni, futi yake ya kupimia nguo imening'inia shingoni kama kawaida, pini mbili zimechomekwa kwenye ukosi. Ni mwembamba, lakini hakuitwa Sindano kwa wembamba. Aliitwa kwa kushona viraka pale dobi, na baadaye watu walipousikia ulimi wake wakaona jina limepata maana ya pili. Macho yake ni makubwa, mazito kidogo, na akikutazama hupepesi mpaka yeye apepese. Alinitazama hivyo. Nikajifanya ninatafuta soksi.

Chumba chake cha kushonea pale kazini kimepakana na chetu, na ukutani kuna kidirisha cha kupitishia nguo zilizochanika. Alipokuja kuanza kazi, baada ya ndoa yake kuvunjika, mashati yasiyo na tundu lolote yakaanza kwenda kushonwa. Nilikuwa nikiyapeleka mimi. Naye akawa anayarudisha na kifungo cheusi kimeshonwa kwa uzi mwekundu, ili niende tena kulalamika. Miezi saba tumelalamikiana hivyo. Nilikuwa nimesahau kwamba kifua changu bado kinaweza kugonga.

"Unakwenda kweli?" nikamuuliza.

"Napelekwa. Kaka anasema hewa ya ziwani itanifaa."

"Na yule mwenye nyumba ya wageni, naye ni hewa?"

"Yule ni upara." Akacheka, kisha akaziba mdomo. "Nimeona picha. Kaka anasema ana vyumba thelathini. Nikamwambia mimi nalala chumba kimoja tu."

Tukacheka wote wawili polepole, kama watoto kwenye nyumba ya msiba. Halafu kicheko kikaisha, mvua ikabaki inasema peke yake juu ya bati la jikoni.

"Pasi," akasema, "mbona huji kwetu?"

"Si nimekuja?"

"Umekuja kupakia. Mimi nasema kuja. Unajua ninachosema. Miezi saba mtu ananisubiri getini na mwavuli, lakini kwetu hapajui. Mama ameniuliza juzi, huyo mwenye mwavuli ana mdomo? Nikakosa la kumjibu. Ungekuja hata mwezi uliopita, leo wangekuwa wanapakia masanduku mawili."

"Kuja kwenu ni kusimama mbele ya kaka yako niombe ruhusa."

"Ndiyo. Watu wote huomba."

"Mimi ruhusa ya mtu yule nimeapa siombi."

"Kwani uliiomba lini ukanyimwa?"

Sijawahi kumsimulia. Ungemsimuliaje mwanamke unayempenda kwamba damu yake ndiyo hiyo hiyo ya mtu yule? Nikashika suruali, nikaanza kuikunja upya ingawa ilikuwa imekunjika. Naye, kwa sababu mikono yake haijui kukaa bure, akachukua shati jeupe la kaka yake lililokuwa juu ya sanduku, na akafanya kile anachofanya kila fundi wa nguo bila hata kufikiri. Akaliweka shavuni.

Mkono hudanganyika. Shavu halidanganyiki.

Akalishusha. Akachukua la pili, akaliweka shavuni. Akaingiza mkono katikati ya rundo, akavuta la chini kabisa lililokwisha kupoa. Kisha akafungua kifurushi nilichokuja nacho pembeni, chenye nguo zake yeye kumi na moja, akainua blauzi ya bluu, akaiweka shavuni, akaikandamiza hapo muda mrefu.

Zake nilikuwa nimezikausha juu ya jiko langu mwenyewe, usiku kucha, moja moja, uzi hata uzi.

"Zangu kavu," akasema. "Za kaka mbichi. Mvua gani hii inayochagua?"

"Weka chini hizo."

"Nakuuliza, Pasi."

"Na mimi nakwambia weka chini, zinachafuka."

"Zitachafuka vipi zaidi ya ulivyozichafua? Siku mbili ndani ya nailoni! Hata mtoto wa jana kwenye dobi anajua. Umefanya makusudi." Sauti yake ikashuka badala ya kupanda, na hapo ndipo nilipoogopa. "Kaka yangu amekufanya nini?"

Basi nikamwambia. Nilikuwa nimekaa na jambo hilo miaka mitatu kama mtu aliyemeza jiwe, na likatoka.

Nilimwambia kwamba mke wangu alikuwa chumba cha kukaushia. Kwamba mvua ilikuwa kama hii, na bomba la joto lilikuwa limekufa mwezi mzima kwa sababu wakubwa walikuwa hawajatia saini litengenezwe, shuka za hospitali zinaning'inia juu ya vichwa vya wanawake zinawadondokea siku nzima. Kwamba alianza na kikohozi, kikashuka kifuani, akaungua homa. Akaenda kwa Filimbi kuomba ruhusa aende kutibiwa. Filimbi akatazama juu kwenye kamba, akamwambia, "Ngoja zikauke kwanza." Siku ya pili akaenda tena. "Si nimekwambia? Ngoja zikauke." Siku ya tatu akaenda akiwa ameshika ukuta, na mimi nipo, nimesimama na pasi mkononi, nimesikia kwa masikio haya. Maneno yale yale.

"Siku ya nne zikakauka," nikamwambia Sindano. "Akapewa ruhusa. Nikamchukua mgongoni. Tulipofika hospitali wakamlaza juu ya shuka. Niliijua ile shuka. Niliipiga pasi mimi."

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Blauzi ya bluu iko mapajani.

"Kaka alituambia alimpa siku tatu," akasema. "Akasema mkeo mwenyewe ndiye aliyekataa kwenda. Ati aliogopa sindano."

"Mke wangu hakuogopa kitu duniani isipokuwa panya."

Machozi yakamtoka, lakini hakuyafuta, wala hakulia kwa sauti. Nikataka kumshika. Nikanyoosha mkono, nikaona umeshika soksi ya Filimbi, nikaurudisha.

"Sasa nieleze," akasema. "Akifika kule, akifungua, akasikia uvundo. Atajua ni kwa ajili ya nini?"

"Atajua."

"Atajuaje? Umemtilia barua mfukoni? Atasema ni mvua. Atamfokea mama kwa nini hakuangalia, kisha atakwenda dukani kununua nyingine. Kisasi gani hicho mwenyewe hana habari nacho?"

"Nitajua mimi."

"Utajua wewe! Utakaa peke yako na birika lako unacheka na ukuta." Akasimama, akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya sabuni kwenye nywele zake. "Na mimi je? Mimi nimo wapi kwenye hesabu hii? Jibu ukweli. Unanitaka mimi, au unataka kumnyang'anya kaka?"

Kuna majibu mazuri ya swali hilo. Nimeyafikiria mengi tangu siku ile. Lakini pale, macho yale yako juu yangu, nikasema lililokuwepo.

"Vyote viwili."

Hakunipiga kofi. Akashusha pumzi.

"Angalau wewe hujui kusema uongo," akasema. "Ni nguo zako tu."

Prii!

Kweli kabisa, ndani ya nyumba yake mwenyewe, Filimbi alipiga filimbi. "Saa nne na robo! Dereva anapiga honi huko nje hamsikii? Pasi, bado tu?" Akaingia amevaa koti la mvua, nyuma yake mama yake mwenye fimbo, kitambaa kimefungwa kichwani tayari kwa safari.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi." Mama yule ana adabu, siwezi kumsingizia. Akasogea kitandani, akagusa rundo. Alikuwa na vidole vya kale, vilivyofua kwa mikono kabla hata mashine hazijaja. "Lo! Mbona zimetota hizi?"

"Zimetota?" Filimbi akashika shati. "Si zina moto?"

"Moto wa pasi huo, kichwa maji! Shika hapa kwenye kola. Zitaoza hizi kabla ya kufika."

Filimbi akanigeukia. Sindano naye akanitazama. Alikuwa anajua kila kitu, na angeweza kusema neno moja la kuniokoa, mathalani kwamba mvua imeingia kwenye mfuko wangu njiani. Hakulisema. Aliniachia.

"Nimeziacha mbichi makusudi," nikasema.

"Makusudi?" Filimbi akacheka kidogo, kama mtu anayesubiri mwisho wa mzaha. "Makusudi kwa nini?"

"Kwa ajili ya mke wangu."

Akakunja uso. Nikaona anatafuta kichwani, anatafuta kweli, kama mtu anayepapasa mifuko. Kisha akasema, "Mke wako yupi?"

Ndugu yangu, nimepigwa ngumi maishani. Nimeungua mvuke mpaka ngozi ikachubuka. Lakini lile neno. Miaka mitatu nimelala na kuamka na mtu huyu kifuani kwangu, nimemlisha chuki yangu asubuhi na jioni, kumbe yeye hata hakuwahi kulijua jina la maumivu yangu.

Aliyejibu ni mama yake. "Yule wa chumba cha kukaushia," akasema polepole. "Siku ile ulirudi hukula. Nikakuuliza, ukasema kuna mtu ameanguka kazini."

Filimbi akavua kofia ya koti. "Ah. Yule. Lakini Pasi, yale mambo… Mimi nilikuwa na amri kutoka juu. Hospitali wanataka shuka zao, meneja ananipigia simu kila saa, na walio juu ya meneja wanampigia yeye. Ningefanya nini?"

"Ungesema nenda."

"Si rahisi hivyo."

"Ni neno moja. Kila nikiuliza nani mwenye makosa naambiwa yuko juu. Nikimfikia wa juu naambiwa yuko juu zaidi. Mwisho lawama zote zinafika kwa Mungu, na Mungu hana filimbi shingoni. Wewe ndiye unayo."

"Kaka," Sindano akaingilia, "ulituambia ulimpa siku tatu."

"Nyamaza wewe, hujui kazi."

"Ulisema aliogopa sindano!"

"Nimesema nyamaza! Na wewe unamtetea kama nani wako?"

"Ndiye mwenye mwavuli," Sindano akamwambia mama yake.

Nje honi ikalia ndefu. Mama akakaa juu ya kiti, fimbo katikati ya magoti, akanitazama kuanzia miguu yangu iliyolowa mpaka kichwani. Sikuwa posa ya kupendeza. Mgane, mpiga pasi, vidole vina makovu, na nimetoka kuharibu nguo za mwanawe.

"Huyu?" Filimbi akasema. "Mpiga pasi? Mama, mimi nimemtafutia mwenye vyumba thelathini, yeye anataka mtu wa kupanga chumba kimoja!"

"Nyamaza sasa na wewe," mama akasema, na Filimbi mzima akanyamaza. Akanigeukia. "Mwanangu, mimi ni mtu mzima. Safari haianzwi na kinyongo cha mtu mgongoni. Siwezi kupanda garimoshi na wewe umesimama hapa umebeba hilo. Basi nisikilize. Mwambie huyu umemsamehe. Sema mbele yangu, kwa moyo mmoja, iishe. Na mimi binti yangu nitamwacha abaki, na tukirudi uje na wazee wako, utapokewa kwa heshima. Hakuna atakayekurudisha."

"Mama!" Filimbi akaruka.

"Unataka kufika au hutaki?"

Filimbi akatazama saa. Akatazama masanduku. Nikauona uso ule ule wa pale dobi, uso wa mtu anayepitisha karatasi ili apumzike nayo. "Haya," akasema. "Haya basi. Yaliyopita si ndwele. Sema tu, Pasi, dereva anasubiri. Sema umenisamehe, umchukue."

Mkono akaunyoosha kabisa, tushikane.

Nikamtazama Sindano. Uso wake haukunipa kitu. Umefungwa kama kidirisha chetu siku ya mapumziko. Pini zile mbili zilikuwa zinapanda na kushuka kwa pumzi zake, hicho tu. Nikasema moyoni, mjinga wewe, ni neno moja. Wewe mwenyewe umetoka kumwambia mwenzako ni neno moja. Liseme, umchukue, chuki yako uiweke chini ya godoro kama ilivyokuwa. Nani atajua? Nilimtaka yule mwanamke. Nilimtaka mpaka meno yakaniuma.

Nikafungua mdomo.

"Nimeku…"

Mama akainama mbele. Filimbi akaanza kutikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, ananisaidia kulitoa.

"Nimeku…" Na hapo nikamwona mke wangu ameshika ukuta, ananitazama mimi niliyesimama na pasi, mimi niliyenyamaza. Maana nami nilinyamaza. Hilo nalo nimelimeza. "Nimekukatalia," nikasema.

"Nini?"

"Nimekukatalia. Sijakusamehe. Leo sijakusamehe, na mwakani sitegemei. Siku nikikusamehe nitakufuata mwenyewe nikwambie, lakini sikuuzii. Mama, unisamehe wewe. Umesema na mimi kwa wema."

Filimbi akalipuka. Kwamba sina kazi. Kwamba kesho nisionekane getini. Kwamba atahakikisha hakuna dobi itakayonipa hata leso. Nikamwambia alikuwa amechelewa, nilivua kazi yake nilipovua viatu mlangoni. Mama alikuwa anasema "ee jamani, ee jamani," na honi ndiyo inazidi kulia. Nikachukua kofia yangu. Sikumtazama Sindano tena. Nilijua nimempoteza, na nilikuwa nimempoteza kwa mkono wangu mwenyewe. Nikapita, nikafika hadi ukumbini.

Nikasikia sanduku linafungwa nyuma yangu. Moja, jepesi. Zipu yake nilikuwa nimeipaka mshumaa asubuhi ile iteleze.

"Unakwenda wapi na hilo?" Filimbi akauliza. "Gari liko upande huu."

"Nimeliona."

"Hajasema! Mama amesema akisema ndiyo ubaki. Hajasema!"

"Angesema," Sindano akajibu, "ningepanda gari na nyinyi sasa hivi, nikaolewa na ule upara na vyumba vyake vyote." Akalishika vizuri sanduku lake. "Nilikuwa nimesimama pale naomba asiseme. Mtu anayemuuza mke wa kwanza ili ampate wa pili, wa pili atamuuza kwa nani?"

"Mwanangu," mama yake akalia, "unamfuata mtu mwenye kinyongo?"

"Mama, yule wa kwanza mliyenipa hakuwa na kinyongo na mtu. Alikuwa anasamehe kila mtu, hasa yeye mwenyewe."

Akamwinamia, akambusu mikono yote miwili. Mama hakuizuia. Kaka yake alipiga hatua kuja mlangoni, halafu akakumbuka masanduku. Nilipogeuka kwa mara ya mwisho nilimwona amepiga magoti kando ya kitanda, anatoa mashati moja moja, anayaweka shavuni, hajui hata anatafuta nini, na filimbi yake imeingia ndani ya kola inamkaba. Nilisimama nikaitazama picha hiyo. Nisiseme uongo, ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kuliko uvundo wote niliokuwa nimempangia.

*

Mvua ilitupokea kama inatudai jambo. Sanduku nililitia kichwani, mwavuli akashika yeye. Tulikwenda mpaka kwenye kibaraza cha duka la vyuma, tukajibanza hapo na watu wawili wengine na mbwa. Nilikuwa sina kazi. Yeye pengine naye hana. Nikasema, "Blauzi ya bluu imekunjika."

"Najua."

"Nitaipiga tena."

"Kwa pasi ya nani? Umefukuzwa." Akakamua pindo la gauni lake. Halafu, bila kunitazama, macho yako barabarani, akauliza, "Alikuwaje?"

"Nani?"

"Usijitie ujinga, Pasi. Mkeo."

Miaka mitatu watu wameniambia pole. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikafikiria homa, nikaifukuza. Nikarudi nyuma zaidi.

"Alikuwa na mdomo," nikasema. "Na alikuwa hakubali nikunje shuka peke yangu. Hata nyumbani. Anaweza kuwa anapika, akiniona nimeshika shuka anaacha moto anakuja kushika upande wa pili. Anasema shuka ni kitu cha watu wawili."

"Na sasa unakunjaje?"

"Naibana na kidevu."

Akanigeukia kabisa, maji yanamtiririka kwenye paji la uso, akanitazama kwa yale macho mazito mpaka mbwa naye akatutazama.

"Kidevu!" akasema. "Miaka mitatu! Na unajiita fundi."